Pumzi Zako Katika Wimbo wa Tatu

Salim ndugu yangu,

Albamu imekwisha. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu, ijapokuwa yaliyobaki ni mazito na nimekuwa nikiyakwepa tangu arubaini yako.

Unaikumbuka siku ile Mwabungo, katika darasa bovu tulilolizungushia magodoro ukutani? Tulianza kwa kubishana. Wewe uliitaka amplifaya yako kuukuu, ile iliyochanika kitambaa cha mbele, na maiki ngumu ya jukwaani isogezwe mpaka karibu iguse spika.

"Riziki, usirekodi chumba," ulisema. "Rekodi gitaa."

Mimi nilikuwa nimeazima maiki ya studio yenye kunasa hata mbu, nikaitundika katikati ya chumba. Nilitaka roki yetu isikike kubwa. Nikashinda, kwa kuwa mwenye mashine nilikuwa mimi.

Ikanasa kila kitu. Kwenye wimbo wa tatu nikakusikia unahema. Ulikuwa ukivuta hewa kama mtu aliyepanda kilima cha Kwale kwa miguu, nawe umekaa kitini. Na mimi, Salim, nikakukaripia: "Punguza hizo pumzi, unaniharibia."

Ukajibu, "Samahani, dada."

Wewe ndiye uliyeniomba samahani. Siku tisa baadaye moyo wako ukasimama.

Hamisi, na dramu zake, alitaka tumtafute mpiga gitaa mwingine aurudie wimbo ule. Nilikataa, sikumwambia sababu. Kisha mama yako akaja kwangu Ukunda kusikiliza. Nilimvisha hedifoni juu ya mtandio. Alisikiliza mpaka mwisho, akazivua taratibu.

"Haya maradhi uliyasikia?"

"Niliyasikia, mama. Nilidhani ni kelele tu."

Akaondoka bila kuigusa chai. Wiki nzima kila simu ikilia nilishtuka. Nilijua hakuna atakalonitamkia ambalo sijajitamkia mwenyewe, lakini nilimwogopa.

Ijumaa akarudi. Hakuketi. "Wimbo na utoke," alisema. "Ila pumzi za mwanangu zitoe, watu hawana haja nazo. Ule wenye pumzi nipe mimi."

Bahati nzuri gitaa lako lilikuwa limeingia pia kwenye mashine kwa waya, peke yake, bila sauti ya chumba. Basi tukaipeleka amplifaya yako kule Mwabungo, tukaupitisha humo ule upigaji wako, maiki nikaisogeza kwenye spika kama ulivyotaka. Gitaa likalia darasani na hakuna aliyelishika. Hamisi alitoka nje. Mimi nilibaki, kwani lazima mtu awepo kwenye mashine. Sauti ilikuwa kavu, inakwaruza, iko karibu mno. Haki ilikuwa yako tangu mwanzo. Nililia, kisha nikaona haya, maana sikujua ninakulilia wewe au ninajililia.

Mama yako amechukua nakala yake. Aliniambia "Ahsante, mwanangu," nami mpaka leo sijui kama nimesamehewa.

Sitakuomba wewe msamaha, huwezi tena kunijibu. Nitakuahidi jambo moja. Nikisikia tena mtu anahema vile, nitazima mashine, nitamtoa kwenye kiti, nitampeleka hospitali mwenyewe, hata kama wimbo utapotea. Hata akikasirika.

Mola akulaze pema, Salim. Kwa heri.

Dada yako,
Riziki