Vigingi vyekundu kwenye ngitili ya Mama Limi

Alhamisi, Februari 1997. Shinyanga.

Jua kali tangu asubuhi, na upepo wa vumbi unaoingia hata kwenye kikombe cha chai. Mvua ilitupa wiki tatu nzuri, halafu ikatususa. Mawingu yanapita juu kwa juu, hayasalimii mtu.

Nina aibu leo. Tena nina mshangao mkubwa kuliko aibu. Nianze na aibu, maana ndiyo inayowasha.

Mimi ni bibi shamba wa mradi. Mradi wenyewe ni ubia wa watu wa nchi tatu: ofisi yetu ya hapa, wataalamu wa Nairobi, na chuo kimoja cha nchi ya theluji. Wanachotaka kujua ni kitu kimoja. Ardhi hii iliyokatwa miti ikabaki kipara, ikipumzishwa, inarudishaje nyasi na miti, na inashika unyevu kiasi gani siku hizi mvua zikiwa za kubahatisha? Kuipumzisha Wasukuma wanajua tangu mababu. Mvua zikianza, kipande cha malisho kinafungwa, ng'ombe haingii, mpaka kiangazi kibane ndipo kinafunguliwa. Hiyo ndiyo ngitili. Sisi tumekuja na futi na daftari tu.

Ngitili ya Mama Limi ni nzuri kuliko zote nilizoziona. Aliifunga marehemu mumewe, na yeye akailinda peke yake miaka minne, wanawe wote wawili wakiwa machimboni huko Geita. Kwa ng'ombe wake sita, ile ndiyo chakula cha mwezi wa nane na wa tisa. Hana kingine. Tulipomwomba tupime humo alikubali, na hakuomba chochote.

Jumatatu nilikwenda kuweka alama za vipande vya kupimia kabla wageni hawajafika. Sikumkuta. Alikuwa Kahama, kule Nyasubi, kumwona binti yake aliyejifungua. Utaratibu wetu unasema usiingie kwenye ngitili ya mtu bila mwenyewe kuwepo. Ninaujua, maana ni mimi niliyeupiga chapa. Lakini nikajiambia, si alishakubali? Nikagonga vigingi kumi na sita, nikavipaka rangi nyekundu vichwani ili vionekane kwenye nyasi. Nikarudi mjini najiona mjanja, hata kwenye gari la kuwapokea wageni nikajisifu kwamba kazi yote nimeimaliza mwenyewe.

Mtu yeyote wa huku angeniambia. Kigingi chenye kichwa chekundu ni alama ya watu wa madini. Kikigongwa kwenye ardhi yako leo, kesho unaambiwa chini ya miguu yako kuna dhahabu au almasi, kwa hiyo funga virago. Mimi ni mtu wa Same. Huu mwaka wa tatu niko hapa, na nilidhani nimekuwa mwenyeji.

Mama Limi alirudi Jumanne akavikuta. Hakuja ofisini kuuliza. Nani anakwenda kwa mwizi kuuliza vitu vyake? Aliwaita majirani na mashoka. Kateni kuni, kateni nguzo, ingizeni na ng'ombe. Kama wanachukua, wachukue udongo.

Leo asubuhi tulipofika na wageni tulisikia mashoka kabla ya kuona watu. Migunga kumi na mmoja ilikuwa chini. Ng'ombe walikuwa ndani, nyasi zikiwafika kifuani, wanakula mwezi wa nane wote kwa siku moja.

Dereva wetu, kijana wa Maganzo, alitazama vile vigingi, akanitazama mimi. "Dada," akasema polepole, "hivi mbona ni vya madini hivi?"



Sasa nije kwenye mshangao. Mkubwa wa wageni ni Daktari Henrik, mzee wa udongo, nywele nyeupe, Kiswahili alichojifunzia Morogoro zamani. Dereva alipomaliza kumweleza, mzee hakuuliza nani wala kwa nini. Alipiga magoti kwenye kigingi cha kwanza, akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa mpaka kikatoka. Akaenda cha pili. Dada Wanjiru wa Nairobi, yule bingwa wa nyasi, akaweka mkoba chini akaanzia kona ya pili. Hawakuhutubia mtu. Kufika kigingi cha nane mashoka yalikuwa yamenyamaza yote, kwa sababu mtu aliyekuja kunyang'anya ardhi hang'oi kigingi chake mwenyewe.

Saa sita likaitwa dagashida, baraza la kijiji. Mwenyekiti wake ni Masanja, fundi baiskeli, mtu mfupi mwenye grisi kwenye kucha, na akikohoa kila mtu ananyamaza. Mama Limi alisimama akasema kwa Kisukuma, dereva akitutafsiria chini chini. Nilitegemea matusi. Hakutukana hata kidogo. Alianza kuitaja ngitili yake mti kwa mti: huu uliota mwaka aliokufa baba Limi, huu walitaka kuula mbuzi wa fulani nikawafukuza, chini ya huu ndama wetu alizaliwa. Alitaja majani ambayo mimi, mwenye cheti cha kilimo, huwa naandika "nyasi mchanganyiko" na kusonga mbele. Wanjiru alikuwa anaandika mbio mpaka kalamu ikamwishia wino, akaazima ya dereva. Nilimwona anajifuta macho.

Miaka mitatu nimeingia na kutoka mle ndani na sikuwahi kumuuliza yule mama jina la jani hata moja.

Halafu Masanja akauliza: nani aligonga vigingi?

Akauliza tena, taratibu, kwa Kiswahili safi cha kunifaa mimi. Nikatazama vidole vya miguu yangu. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, na wanaotia sahihi ni hawa hawa wageni. Ndiyo sababu. Natamani ingekuwepo nyingine ya heshima zaidi niiandike hapa.

Mzee Henrik akasimama, akavua kofia. Akasema kosa la mradi ni lake, anaomba radhi kwa Mama Limi na kwa kijiji. Alijua vizuri ni nani aliyegonga, maana nilijisifu mbele yake. Wakampiga faini ya mbuzi, akainamisha kichwa akasema "Wabeja", asante ya kwao, watu wakacheka kidogo na baraza likapumua.

Masanja akamaliza. Anayetaka kupima kwa Msukuma atumie alama ya Msukuma: kila kona upandwe mnyaa, kama mipaka ya nyumba zote za hapa inavyopandwa. Mnyaa unamwambia mpita njia kuwa hapa pana wenyewe, na hawaendi popote. Mama Limi akakubali kuifunga ngitili tena. Hata visiki vilivyokatwa, akasema, vipimwe pia, kwa sababu vitachipua, na yeye anataka kuona kama mashine za wageni zitakijua anachokijua yeye. Mzee Henrik alicheka kwa furaha kama mtu aliyepewa zawadi. Nimesoma ripoti nyingi za watu hawa, na nilidhani ubia ni karatasi yenye mihuri. Leo niliuona umekaa chini kwenye vumbi, unaazimana kalamu.

Nilikuwa naelekea kwenye gari Mama Limi aliponishika mkono. Nikamwamkia, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa kwao. Akaitikia marahaba, mkono hakuuachia.

"Jirani yangu alikuona Jumatatu," akasema. "Pale barazani wote tulijua."

Nilitaka kuutoa mkono, akaubana.

"Tulikuuliza mara mbili ili useme. Yule mzee akakuwahi." Akatazama upande wa ng'ombe, walikuwa wanatolewa. "Kesho uje na panga. Matawi ya minyaa utakata na kupanda wewe. Mbuzi wake tutamla, lakini kosa lako bado."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika, hasira naijua namna ya kuijibu.

Nimekaa nyuma ya nyumba, jua linazama, naandika huku nafikiria zile nyuso. Watu wote wale, na shughuli zao, na mashamba yanayokauka, walikaa juani wakinisubiri. Hawakuhitaji jina, walilijua. Walikuwa wananifungulia mlango, mimi nikakaa nje na mkataba wangu. Siku tatu kabla nilikuwa nimewaharibia malisho, na bado walinipa nafasi ambayo mimi nisingempa mtu aliyekanyaga mche wangu mmoja.

Kesho saa mbili asubuhi watakuwa wote kwenye kona ya kwanza, na mzee Henrik atakuwepo na mbuzi wake. Panga nimeshalinoa.

Sitasubiri waniulize mara ya tatu.