Samaki Waliozimwa

Evelyn, uko wapi? Acha unachofanya usome hapa. Leo nimeaibika mpaka nacheka peke yangu.

Si unajua baba hataki niolewe na Deodatus kwa sababu ni mvuvi, hana shamba la migomba? Sasa leo Deo akampandisha kwenye boti ajionee. Amefunga vimashine viwili vya kuonyesha samaki, kimoja mbele, kimoja nyuma. VIWILI!

Tumefika katikati ya ziwa, skrini zote zimejaa samaki. Zimejaa! Baba akafanya ishara ya msalaba, akampigia mama: "Adelgunda, ita majirani, bandika sufuria."

Tukatupa nyavu, tukavuta. Magugu.
Tukatupa tena. Magugu 😭

Deo akazima kimashine cha nyuma. Samaki wa mbele wakapotea. Wote! Kumbe kila kimoja kilikuwa kinanasa mawimbi ya sauti ya mwenzake na kuyachora kama samaki.

Deo jasho linamtoka: "Mzee, nisamehe. Nimevifunga vibaya. Hapa hakuna samaki."

Baba akamtazama weee. Halafu: "Yaani samaki wamezimwa?"

Njiani kurudi nyumbani tukapita Nkwenda. Pale akaingia sokoni, akatoka na sato wakubwa.

Nyumbani majirani wamejaa. Mama anauliza samaki wametoka wapi. Baba, mwenyekiti wa jumuiya kanisani, hata hakupepesa macho: "Amewavua mkwe wangu."

Evelyn. Amesema MKWE.