Msimamo wa Mama Juu ya Vita

Vesely, Nebraska
2 Septemba

Mwanangu Wesley,

Hujambo huko kwenye jeshi la majini? Sisi hatujambo. Mahindi yameanza kukauka shambani na baba yako analalamikia goti lake, kwa hiyo ujue ni mzima. Mimi sauti imenikauka kwa kuongea na watu kutwa, lakini mwili uko salama. Niambie kama unakula na kama unalala. Hayo mawili ukinijibu, mengine nitavumilia.

Kampeni inakwenda. Jumamosi nilikuwa kwenye maonyesho ya mifugo, nimesimama katikati ya mabanda ya nguruwe, watu wanakuja mmoja mmoja kuniuliza nikifika Bungeni Washington nitafanya nini. Unanijua, nimetibu ng'ombe zao miaka yote hii, hawanitishi. Wakiuliza bima ya afya, nawajibu. Hospitali yetu iliyofungwa, nawajibu. Bunduki nawajibu pia, ingawa nusu yao hununa. Kuhusu vibarua wa kiwanda cha nyama wasio na vibali, nasema wapewe vibali, na bwana mmoja alisikia hivyo akanigeuzia mgongo akaenda zake na soda yake.

Swali moja tu ndilo ninalolikwepa. Mheshimiwa Stolle, anayetetea kiti chake, ametamka waziwazi kwamba Bunge likiletewa hoja ya kumruhusu rais atoe vita hivi vyenu baharini avipeleke nchi kavu, ataiunga mkono. "Na wewe, Lorna?" wananiuliza. Nacheka, nageuza mazungumzo. Dolores, meneja wangu wa kampeni, anasema sitaweza kucheka hadi uchaguzi wa Novemba. Tarehe tatu mwezi ujao tuna mdahalo, na swali hilo lazima litaulizwa. Anataka pia picha yako ya sare iwe kwenye mabango yangu. Nimemkatalia. Wewe ni mwanangu, si bango.

Ungekuwa mimi, ungesemaje?

Mama yako.


Baharini
11 Septemba

Mama,

Salamu zako zimenifikia, asante. Ninakula. Kulala ndiko hakupo sana. Mwambie baba asibebe magunia, goti halitapona kwa ubishi.

Siruhusiwi kukwambia tuko wapi wala tunafanya nini. Ninachoweza kusema ni kwamba king'ora kinalia mara nyingi siku hizi. Mimi niko chini kabisa kwenye mitambo, hakuna dirisha, na kikilia sijui ni mazoezi au ni kweli mpaka wanitangazie. Nimeanza kulala na jaketi la kuokolea. Wenzangu walinicheka siku ya kwanza. Sasa hata Ocampo, yule rafiki yangu mcheshi, analala na lake.

Umeniuliza ningesema nini. Mama, usiseme kitu. Nakuomba. Kwenye ukumbi wa chakula kuna televisheni na wanajua Lorna Kucera ni mama yangu. Ukisema turudi nyumbani, watasema mama yake Kucera anataka kuangusha nchi ili amwokoe mtoto wake. Ukisema tuendelee, nitalala kila siku nikijua mama yangu mzazi ameniinulia mkono nibaki huku. Yote mawili siyawezi. Zungumzia hospitali. Zungumzia vibali vya wale vibarua, hilo unalijua. Vita waachie wengine.

Sijawahi kukwambia kwamba naogopa. Naogopa.

Mwanao,
Wesley.


Vesely
20 Septemba

Wesley mwanangu,

Nimesoma barua yako jikoni nikiwa nimesimama. Namshukuru Mungu unakula. Baba yako anakusalimu. Nilimsomea yote isipokuwa mstari wa mwisho, kisha nikamsomea na huo. Akatoka nje, akarudi baada ya muda mrefu.

Nimenyamaza kama ulivyotaka. Lakini kunyamaza nako kumekuwa msimamo. Watu wa Stolle wametoa tangazo kwenye televisheni: nimo mimi nikicheka pale kwenye mabanda ya nguruwe, na sauti inauliza, kwa nini Lorna Kucera hawezi kusema kama yuko pamoja na vijana wetu?

Tangu tangazo hilo mambo yamebadilika. Sanduku letu la barua limepigwa risasi. Mbwa alikuwa karibu nalo, hakuumia. Kisha simu zikaanza. Mwanamume, sauti ya taratibu kabisa, haitukani. Mara ya kwanza alisema tu, "Chunga ulimi, daktari." Mara ya pili alitaja jina la meli yako. Hatujalitaja popote, Wesley, si kwenye mabango wala kanisani. Nilikata simu nikakaa sakafuni.

Baba yako amesogeza kitanda mbali na dirisha. Mimi naendesha gari nikitazama kioo cha nyuma kuliko barabara. Nikiingia kwenye zizi la mtu kutibu ng'ombe, natafuta kwanza mlango wa kutokea. Humu ndimu nilimozaliwa, mwanangu, na sasa kila anayenipungia mkono najiuliza kama ndiye.

Dolores anasema nijitoe kama siwezi. Sijui. Niandikie.

Mama yako.


Baharini
27 Septemba

Mama,

Nina dakika chache. Mzima. Jitoe. Hakuna kiti kinachostahili uyaogope madirisha ya nyumba yako mwenyewe. Meli iliyo jirani na sisi imepigwa na ndege isiyo na rubani. Watu wamekufa, na mmoja nilisoma naye chuo cha mitambo. Kama simu zile zikija tena, ondokeni, nendeni kwa shangazi Omaha. Nimeshasema yangu yote. Jitoe.

Wesley, mwanao.


Vesely
4 Oktoba

Wesley wangu,

Habari za tangu barua ile fupi? Nakuandikia asubuhi hii kabla hujasikia kwa wengine. Sikujitoa.

Ukumbi wa michezo wa shule ulijaa hadi watu wakasimama kwenye kuta. Baba yako alikaa mstari wa mbele na koti lake zito ingawa kulikuwa na joto, na nilijua ameficha bastola ndani yake. Tulianza vizuri. Ruzuku za mahindi, tukabishana. Bima, nadhani nilimshinda. Wahamiaji wa mpaka wa kusini, alinishinda yeye, maana alikuwa na maneno mafupi. Halafu mwendesha mdahalo akauliza la vita.

Stolle alijibu kwanza. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Alisema kaka yake alikufa katika vita vilivyoachwa katikati, na kwamba hatapiga kura ya kuacha vingine katikati. Hakupayuka. Nilimwamini, Wesley, na hilo ndilo lililonitisha.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimejiandalia majibu ya kuzunguka. Nikawatazama watu, nikafikiri, yule wa simu yumo humu. Yumkini alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa upole kama wengine. Nikaona nikizunguka tena leo, nitazunguka maisha yangu yote.

Nikasema, "Nitapiga kura ya hapana. Mnajua mwanangu yuko huko. Angekuwa amelala kwake bado ningesema hapana, kwa sababu nimeuliza kila mtu kazi hii itaisha lini na kwa namna gani, na hakuna aliyenijibu, hata Mheshimiwa hapa. Ng'ombe siwezi kumpasua bila kujua ninatafuta nini. Mtoto wa mtu je?"

Hakuna aliyepiga makofi.  Mwanamke mmoja nyuma akasema, si kwa nguvu, "Mwoga." Mwingine akaanza kulia. 

Tulipotoka, matairi ya gari letu yote yalikuwa yamechanwa. Stolle aliona. Akavua koti, akatupeleka nyumbani kwa gari lake yeye mwenyewe, baba yako kakaa nyuma kama mzigo.  Getini Stolle akasema, "Lorna, mimi na wewe tunataka mwanao arudi."

Nikamwambia, "Basi mrudishe."

Aligeuza gari, akaenda zake. Sikufurahi kumwona akiondoka hivyo.

Nimekukosea? Niambie hata kwa neno moja.

Mama yako.


Vesely
12 Oktoba

Mwanangu,

Sijui kama barua yangu imekufika. Hakuna jibu. Kwenye taarifa wanasema meli moja zaidi imepigwa na jina halijatolewa, na kwamba mawasiliano ya mabaharia na familia zao yamefungwa kwa muda. Nimepiga ile namba ya simu ambayo jeshi hutupa sisi familia. Dada wa watu ni mpole sana, hajui kitu.

Jana mchana tulikuwa tunavuna. Nikaona gari jeusi linaingia kwa taratibu, wakashuka wanaume wawili wenye sare, kama wale ambao jeshi huwatuma kuleta habari za msiba. Baba yako alizima mashine. Sikumwona akishuka, nilimkuta tu ameshanishika mkono. Tulisimama katikati ya mahindi tukiwasubiri wafike, na hakuna kati yetu aliyewasogelea hata hatua moja, kana kwamba wasipofika habari nayo haitafika.

Walikuwa maafisa wa polisi wa kaunti. Wamemkamata mtu wa simu.

Ni Leland Hruby. Ndiyo, Leland huyo huyo anayetuuzia mbegu. Alikuona umevaa kofia yenye jina la meli ulipokuja likizo. Risasi pia ni yake; matairi anakana. Walisema alipohojiwa hakubisha. Alieleza kwamba mwanawe wa pekee alikufa akazikwa kwa sababu ya vita vya miaka ya nyuma, na kila mtu anayesema vita havina maana anakuja kumfukua. Alitaka ninyamaze tu.

Nilikuwa nimemwandalia chuki mtu huyo, wiki zote hizo. Sasa sijui niiweke wapi. Na bado naogopa: Leland yuko ndani, nami bado naendesha gari nikitazama kioo cha nyuma.

Wesley, niandikie. Andika hata "mzima".

Mama.


Vesely
24 Oktoba

Wesley,

Leo Dolores alinipangia mikutano mitatu, nikaenda yote. Wananiuliza habari za kodi. Nasikia mdomo wangu ukijibu. Baba yako amepika kolache, zile keki ndogo za jamu, kwa mara ya kwanza tangu bibi yako afe, zimeungua chini. Amekuwekea mbili kwenye friza.

Andika, mwanangu.

Mama.


Baharini
31 Oktoba

Mama mpendwa,

Mzima. Mzima, mzima.

Ilikuwa meli yetu. Sikuweza kuandika, walifunga kila kitu. Ndege isiyo na rubani ilipiga nyuma, karibu na ninapofanyia kazi. Taa zilizimika, moshi ukaja, nikatambaa nimemshika Ocampo mkanda. Ocampo amepoteza mkono wa kushoto. Amerudishwa nyumbani. Aliniambia nimwambie mama yangu kwamba bado ana mmoja wa kupigia kura.

Mdahalo wako tuliuona kabla ya siku hiyo. Kuna waliohama meza yangu, kama nilivyosema. Mmoja alinitemea mate karibu na kiatu. Baada ya kupigwa, huyo huyo alikuja akakaa kando yangu, akauliza, "Mama yako anafikiri vita hivi vitaisha lini?" Nikamwambia hajui, ndiyo maana anauliza. Akakaa tu. Hakuondoka.

Hujanikosea. Nilikasirika siku mbili kisha moshi ukaja na hasira sikuiona tena.

Lakini kuna jambo lazima ulijue kutoka kwangu. Karatasi yangu ya kura niliituma kwa posta mwezi Septemba, siku niliyosoma habari za sanduku letu la barua kupigwa risasi. Nilimpigia kura Stolle. Nilifikiri ukishindwa watakuacha. Sijali atapiga kura gani yeye. Nilitaka uwe zizini na ng'ombe wako, hai. Nimeandika mstari huu mara nyingi nikaufuta.

Mwanao,
Wesley.


Vesely
9 Novemba

Mwanangu Wesley,

Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa kwenye changarawe hapo hapo barabarani. Baba yako alikuja mbio akidhani nimeanguka. Tumesoma pamoja, mimi kwa sauti, na nilipofika hapo ulipompigia Stolle, baba yako akaanza kucheka. Hajacheka tangu Septemba. Alicheka mpaka akashika goti. Halafu akaniambia kwamba naye aliingia kwenye kibanda cha kura, akakuta jina langu, akashindwa kuliwekea alama. Akaacha wazi.

Kwa hiyo wanaume wa nyumba hii hawakunichagua, na nimeshinda.

Si kwa wingi. Kura zilihesabiwa mara mbili. Stolle alinipigia simu kunipongeza. Akaniambia hoja yenyewe ya vita huenda ikaja mwezi wa pili, na nisidhani watu watasahau nilichosema kule shuleni. Nikamwambia natumaini hawatasahau. Nilijikaza kwenye simu. 

Sikulaumu, mwanangu. Ningekuwa mama yako tu, na si kingine, ningempigia Stolle pia.

Nilidhani kule Bungeni mtu husimama akatamka kura yake wote wamsikie. Dolores ameniambia sivyo. Kwa kawaida kuna kadi na vitufe, unachomeka kadi, unabonyeza, basi. Kwa nje mtu hawezi kujua kama unatetemeka. Cha kijani ni ndiyo, chekundu ni hapana. Nimekuwa nikikiwaza kitufe hicho nikiosha vyombo, nikiwa zizini, nikiwa kitandani. Huenda tukashindwa, Wesley. Huenda hoja ikapita, wakakuacha huko huko, na kule ukumbini, kwenye ubao wa kura, nitakuwa nimeongeza taa moja nyekundu tu.

Nitakuwa naogopa, na nitabonyeza.

Mama yako,
anayekusubiri.