Mkono Niliouinua Sokoni

Masii, 14 Mei 2003

Kaka Mutinda,

Sisi hatujambo, na kunde zimechanua. Binti yangu Wavinya amerudi shule kwa karo uliyotoa kwenye pensheni yako ya kaunsili. Mungu akubariki.

Jana wachuuzi tulikutana. Kaunsili imepandisha ushuru wa soko ili iwalipe wastaafu. Mwenyekiti akauliza, "Nani anakataa?" Mikono yote ikainuka, hata wangu, maana nyanya zinaniozea.

Jirani yangu Kalunde akasema, "Hao wazee wanatunyonya tu!"

Nikasimama. "Mmoja ni kaka yangu. Alifagia soko hili mpaka mgongo ukapinda. Ushuru umetushinda, lakini asitukanwe."

Kalunde akasema, "Basi msalimie."

Salamu zake ndizo hizo. Ushuru bado tumekataa, na wewe bado nakushukuru.

Dada yako,
Mbinya