Kimulimuli Yuko kwenye Daftari

Chumba cha kuoshea vyombo,
Ghorofa ya chini.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa binamu Mapengo,

Anayekuandikia leo ni mkuu wa maabara nzima, kwa hiyo kaa vizuri usome. Haya, nimedanganya. Bado ni mwosha chupa, na chupa zenyewe hazina shukrani. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Na yale meno yaliyobaki, bado yanasalimiana kwa mbali? Mimi mzima, ila nimekwama.

Unajua nilipaswa kustaafu mwezi uliopita. Begi langu liko chini ya sinki, limefungwa tangu siku ile. Chumba hiki hakina dirisha, basi nalitazama begi, nalo linanitazama.

Walionifunga ni vichupa arobaini na viwili, kila kimoja kama kidole chako kidogo. Ndani mna plasmidi, yaani vijiduara vya DNA ambavyo daktari wetu huvipakia jeni kama mtu anavyopakia mkokoteni. Huvizidisha kwanza ndani ya bakteria, kisha huviingiza kwenye seli za mamalia anazozilea kwenye sahani. Seli zikiusoma mzigo, zinatengeneza protini anayoitaka. Miaka sita ya kazi ya mama huyo iko humo.

Sasa friza ikazimika, barafu ikayeyuka, lebo zote zikabanduka. Vichupa vilibaki kwenye matundu ya trei yake, lakini vinafanana kama mayai. Daktari akashika kichwa. Mimi na mdomo wangu huu nikasema mbele ya watu, "Usilie mwanangu, navijua vyote." Akafuta machozi, akafuta na safari yangu.

Kweli nilivijua, ila daftarini. Majina yake ya kisomi ni herufi na namba tupu, nikavipa ya kwangu, kila kimoja na tundu lake: Mkaidi, Mama Mkwe, na Kimulimuli, mwenye jeni ya kuzifanya seli zing'ae kijani. Jumatatu ya wiki iliyopita nikabahatisha Kimulimuli. Tukangoja siku mbili, daktari akachungulia kwenye darubini. Giza kama chini ya sufuria.

"Mzee, Kimulimuli wako amelala?"

"Anaona haya, mmejazana mno."

Alicheka. Kila asubuhi anauliza tena, na kicheko kinapungua. Nimkatishe tamaa vipi, na ameshawaambia wakubwa wake kwamba kazi yote iko salama kichwani mwangu?

Nisalimie shemeji, na Shangazi umbusu mkono. Mungu awape afya, na wewe akuongezee hata jino moja.

Unaikumbuka redio ya Shangazi uliyoivunja, nikasema ni mimi, nikala bakora zako? Sijawahi kukudai. Leo nadai. Lile daftari langu la kijani uliloazima uandike dawa ya mgongo, nitumie kwa basi, ukimaliza tu kusoma hapa. Dawa yako uinakili kwenye karatasi nyingine. Usithubutu kuuchana ule ukurasa, Mapengo, maana Kimulimuli yuko nyuma yake.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata nikiwa mfungwa wa vichupa.