R ya Mwalimu Ainea

Mwalimu wangu Ainea,

Mvua ya alasiri imeanza kupiga mabati ya ofisi yetu hapa kiwandani. Kiti chako nimekisogeza dirishani kwa sababu siwezi kukikalia. Nina la kuungama. Wiki mbili baada ya kukuzika nyumbani kwako karibu na msitu wa Isecheno, nilikusahihisha.

Unajua nilivyokuwa. Nilirudi Kakamega kutoka shule ya Mombasa na Kiswahili changu kilichonyooka, nikawa nakucheka kila ukisema "kurara" badala ya "kulala", na "chakura" badala ya "chakula". Hukukasirika. Ulisema tu, "Wewe utanisahihishanga hata kaburini." Tulicheka sote wawili. Leo sicheki.

Kazi yetu ilikuwa moja. Kompyuta isome vali zote za boila, ilinganishe zilivyo na zilivyoamriwa, na kengele ilie zikitofautiana. Programu yangu ya kwanza ilijikokota. Ililinganisha baiti moja moja, yaani herufi moja moja, na kila hatua ilijiuliza kama imefika mwisho wa orodha. Hadi imalize, mvuke umeshatangulia. Wewe ukaifundisha kubeba baiti nne kwa mkupuo, kisha ukaliondoa lile swali lenyewe. "Ukienda soko ya Rurambi," uliniambia, "unajiulizanga kila hatua kama umefika? Si unatembea tu mpaka geti ikuzuie?"

Ukaweka geti mwishoni mwa kila orodha, neno la herufi nne. Orodha ya kwanza, ya vali zilivyo, uliifunga kwa LALA. Ya pili, ya zilivyoamriwa, kwa LARA.

Nikaona aibu. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Nairobi kukagua, nami sikutaka wakucheke na huku umekufa. Nikaifuta R, nikaandika L. Sikufikiri kwamba tofauti ile ndiyo geti lenyewe, kwamba bila kukutana na tofauti programu haisimami: ikiwa ni LALA na LARA inarudi mwanzo, ikiwa nyingine yoyote inapiga kengele. Sikio la kwetu halijali L na R. Mashine inajali, na wewe ulilijua hilo kuliko mimi niliyejiona msomi.

Baba yangu bado anachochea boila ile. Geti likiwa wazi, programu ingetangatanga kwenye kumbukumbu yote ya kompyuta bila kurudi kutazama vali, naye amesimama mbele ya moto.

Haikutangatanga. Niliiwasha saa nne asubuhi. Kengele ikalia, na skrini ikaandika maneno mawili yaliyoikwamisha programu.

NIPO SIPO

Kisha mstari wa pili, uleule. Kisha wa tatu, hadi skrini ikajaa. Nilizima, nikawasha, yakarudi. Karani wa mizani alitoka nje akiomba kwa sauti ya chini. Baba alikuja mbio na masizi usoni, akasoma, akavua kofia. Nilikuogopa.

Niliyapata baadaye. Uliyaandika kwa tarakimu badala ya herufi, NIPO chini ya LALA na SIPO chini ya LARA, yawe geti la pili, nami nilikuwa nimeyapita nikidhani ni nambari tu. Disketi inaonyesha uliyaweka siku moja kabla ya kulazwa. Ulijua nitakusahihisha. Ulinijua kiasi hicho, wakati mimi nilikuwa nikizihesabu R zako. Naumia sana.

R nimeirudisha. Geti la kwanza linashika, programu haifiki tena pale ulipojificha. Lakini jana, saa ya chai, kengele ililia mara moja, na Baba anaapa kwamba vali zote zilikuwa sawa. Sikwenda kutazama skrini. Nilibaki nimekaa na kikombe mkononi, nikajibu tu, "Nipo, Mwalimu."

Nakuahidi, atakayekuja baada yangu nitamfundisha geti lako, na nitalisoma kwa sauti kama ulivyolisoma wewe. Sitakusahihisha tena. Baba nitamtunza, na programu yako nitaiacha ikimtunza.

Sasa pumzika. Lara, Mwalimu. Lara salama.

Mwanafunzi wako,
Rehema