Kifungo cha Bi Kalunde

Tabora, Jumatano

Amemfunga kweli. Baba, hakimu wetu, amemfunga mwezi mzima Bi Kalunde aliyemlea alipofiwa na mama yake. Kosa lake ni kutoroka kijiji kipya cha Ujamaa na kurudi kwenye mahame yake kuvuna karanga.

Pale mahakamani bibi alimsalimu Baba, "Hujambo, mwanangu?" Watu wakacheka. Baba akainamisha macho. "Mshitakiwa ajibu swali."

Jioni nilijikaza, mimi nisiyethubutu kumwuliza hata saa.

"Baba, ulishindwa kumwachia?"

"Nikimwachia aliyenilea, wengine nitawafungaje?"

"Si ungewaachia wote?"

Akasema, "Kesho mpelekee blanketi gerezani. Mwambie limetoka kwangu."

Blanketi nitalipeleka. Neno la pili sitalisema.